Vinasaba vya presha: jinsi ya kuanza utafiti vijijini

Selimundu hutokana na jeni moja. Presha inaguswa na mamia ya sehemu za vinasaba, kila moja ikichangia kidogo sana, na bado kuna chumvi, uzito na umri. Kipimo kibovu kinaufunika kabisa mchango huo mdogo. Kwa hiyo wewe unayeanza Rungwe, Kilolo au Mbarali, tumia nguvu nyingi uwanjani kabla ya kufungua kompyuta.

Hatua ya 1: Kibali. Pata idhini ya maadili ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania. Fomu ya ridhaa iseme damu itatunzwa wapi, na kama itatoka nje ya nchi.

Hatua ya 2: Kupima. Aliyepanda mlima hadi zahanati hapimwi akifika. "Karibu mama, pumzika kwanza." Akae dakika 15, asikunje nne, mkono uegemee meza usawa wa moyo. Mkanda umtoshe, ukibana, namba hupanda. Pima mara 3, chukua wastani wa vipimo 2 vya mwisho. Anayetumia dawa usimwache: omba kuona pakiti yenyewe, kisha wakati wa uchambuzi ongeza 15 kwenye namba ya juu na 10 kwenye ya chini. Ukikuta 140/90 au zaidi, mwandikie rufaa hapo hapo. Huyu ni mgonjwa kabla hajawa sampuli.

Hatua ya 3: Ukoo. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wake ni kaka. Usiulize "huyu ni ndugu yako?" Uliza, "Mama aliyekuzaa ni nani? Naye alizaliwa na nani?" Maswali ya baba yaulizwe faraghani, na majibu yabaki siri. Programu ya PLINK, ya kuchambua vinasaba kwenye kompyuta, itakuonyesha baadaye ndugu waliokupita.

Hatua ya 4: Damu. Tumia tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), kifuniko cha zambarau. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise, iweke kwenye ubaridi.

Hatua ya 5: Uchambuzi. Ukichukua wenye presha wengi Unyakyusa na wasio nayo wengi Uhehe, utaona tofauti za asili ya watu, yaani makabila, ukadhani ni za ugonjwa. Linganisha watu wa eneo moja, kisha rekebisha tofauti hizo za asili kwa hesabu. Kwa kuwa unapima mamilioni ya sehemu za vinasaba, kigezo cha kawaida cha p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ni chini ya 0.00000005. Kilichovuka hapo kitafute tena kwa watu wengine kabla ya kukitangaza.