Vile utaangalia muvi za mapenzi bila kumaliza mshahara

Kama wapenda zile muvi za mapenzi za kuchekesha sikuambii uache, hata mimi siachi, Ijumaa tukitoka kazini twakusanyika kwa shangazi huku Majengo na mabuyu na krips za muhogo twaangalia mbili tatu mpaka usiku. Ninachotaka ni uziangalie bila kufika Jumatatu ukiwa na mia mbili kwa simu, maana zinakuingia pole pole na wewe hujui.

Anza na kazi ya mhusika. Dada ni mwandishi mdogo wa gazeti, anaishi New York peke yake, nyumba ina madirisha mpaka chini, kila siku koti jipya. Simamisha muvi, chukua karatasi, piga hesabu na pesa za huku: tuseme mshahara elfu 35, kodi Kisauni elfu 10, matatu kwenda na kurudi, unga, gesi, tokeni za stima, na mama anangoja chake. Kilichobaki kinanunua makoti mangapi? Ukifanya hivi mara tatu nne jicho linazoea, unaona kwamba kodi haionyeshwi, mwisho wa mwezi haufiki, pesa ziko tu kama upepo wa bahari.

Halafu tafuta majina ya kampuni, kwa sababu mara nyingi yanawekwa makusudi na kuna pesa ama mapatano nyuma yake. Ile You've Got Mail ya 1998, jina lenyewe ndio maneno AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilikuwa ikiwaambia wateja wake wakiingia barua pepe!

Sasa pale pa kununua nguo ndipo uwe macho zaidi, na hapa nataka unisikize vizuri. Angalia nini kinakuja kabla. Kwa Pretty Woman, ya 1990, yule dada anaingia duka la Rodeo Drive, barabara ya maduka ghali huko Marekani, na wauzaji wanamkataa, anatoka na machozi, kesho yake anarudi amependeza na mifuko mikononi. Yaani kwanza unaumizwa naye, halafu dawa unaonyeshwa ni kununua. Kinachouzwa pale ni heshima, gauni limepita tu njia hiyo hiyo, na ndio maana linatushika sana sisi tulio na harusi kila mwezi, kwa sababu ukumbi wa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya bibi harusi, umejaa macho na kila mtu ashawahi kuangaliwa kutoka kichwani mpaka viatuni.

Mimi nilishikwa. Kupamba kwa binamu yangu nilichukua mkopo wa simu nikanunua gauni la Sh7,500, lina shanga mpaka kwapani, zilinikwaruza usiku mzima, nikalivaa mara hiyo moja, na mkopo nikalipa miezi mitatu. Mpaka leo liko kwa mfuko wa nailoni nyuma ya mlango na nikiliona roho yaniuma.

Kwa hivyo muvi ikiisha jiulize, nani alimdharau nani, na mimi nimeumia wapi? Ukishapata jibu, ile hamu ya kununua inapungua nusu.

Pete nayo usiogope kuiongelea na mchumba wako mapema. Hiyo fikra ya kwamba bila almasi hakuna mapenzi imesukumwa sana na matangazo, De Beers wenye kuuza almasi walianza na "almasi ni ya milele" mwaka wa 1947. Na majiko pia, lile jiko jeupe la muvi ya Something's Gotta Give ya 2003 ambalo watu walilipenda mpaka wakaiga majumbani kwao lilijengwa studio, hakuna familia iliyowahi kuosha sufuria mle.

Simu iweke mbali mkiangalia, na kadi itoe kwenye apu za kununulia. Kitu ukikipenda kiandike na tarehe, ngoja siku saba. Kama bado wakitaka, zunguka soko la mitumba la Kongowea asubuhi mapema bado kamera, zile nguo nzuri za kwanza, haijachaguliwa, ama chukua kitambaa Biashara Street umpelekee fundi na picha ya lile gauni ulilolipenda. Na akikupima mwambie aache nguo ya kutosha ndani ya mshono, ili harusi ya mwakani alipanue ama alibadilishe mikono.