Ukija kulala hoteli ya baharini Mtwara, msikilize aliyetandika vitanda

Nimetandika vitanda vya watu kwa miaka tisa katika hoteli moja kubwa ya Shangani, hapa Mtwara mjini. Nikaacha, nikafungua kibanda cha kushona mapazia karibu na soko la Chikongola. Msimu uliofuata korosho zikamlipa mama yangu vizuri kule Newala, akanipigia simu: "Mwanangu, hiyo nyumba uliyokuwa unafagia, na mimi nataka kulala." Hatukwenda kwenye ile niliyofanyia kazi, tukachagua nyingine ya pwani hiyohiyo, tukalala Ijumaa na Jumamosi. Siku hizo mbili ndizo zilizonionyesha kwamba wageni wengi niliowahudumia walikuwa wanalipa pesa nyingi na kuondoka na nusu ya walicholipia, kwa aibu tu ya kuuliza. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya watu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea ambao pesa wanayo, ila wakifika mapokezi wanaanza kuongea kwa kunong'ona.

Kabla hujafunga safari

Hoteli zetu za Mtwara zinaishi kwa semina. Gesi ilipovuma watu wengi wakajenga vyumba wakitegemea wageni wa kampuni za gesi. Bomba likakamilika mwaka 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, vyumba vikabaki. Siku hizi anayevijaza ni ofisa aliyekuja na posho ya siku nne, anaingia Jumatatu, Ijumaa mchana anakimbilia uwanja wa ndege. Maana yake Ijumaa jioni vyumba viko wazi, na meneja anajua viko wazi. Piga simu Jumanne au Jumatano, siyo Ijumaa ukiwa tayari ndani ya basi. Sema: "Nakuja siku mbili, mwisho wa wiki, nina mzazi, nipunguzie." Mimi nilipunguziwa, na mwanzo waliniambia bei ni moja.

Isipokuwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Hapo minada ya korosho imeshika moto, wanunuzi wanakaa mpaka Jumapili, na hakuna wa kukusikiliza. Mama yangu alikuwa na haraka ya kuzitumia pesa zikiwa bado za moto, nikamwambia subiri Januari.

Ukipiga simu uliza mambo manne na usikate mpaka ujibiwe yote. Bei hiyo ni ya chumba au ya mtu mmoja? Kifungua kinywa kimo, na ni cha watu wangapi? Kodi ya ongezeko la thamani imo ndani au itakuja kuchomekwa siku ya kuondoka? Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, si cha kuichekea. La nne watu hawaulizi kabisa: Jumamosi hiyo kuna harusi ukumbini? Ukumbi wa hoteli ndio unaolipa mishahara. Harusi ikiwepo, spika zitakupigia kwenye mto mpaka saa saba usiku na hakuna atakayezima. Nimepokea wageni wa namna hiyo asubuhi, macho mekundu, wananilaumu mimi mwenye ufagio.

Wakikutajia bei kwa dola, waambie wakutajie kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Lakini iseme kwa upole, kijana wa mapokezi siye aliyeipanga.

Usafiri sitaueleza sana. Ukitoka Masasi unapita Mnazi Mmoja, lami tupu. Ukitoka Newala, njia yenu ya kupitia Mnivata unaijua mwenyewe. Wa kutoka Dar ana kilomita zinazokaribia 560, na kama ni masika aulize kwanza hali ya barabara, maana Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, njia ilikatika upande wa Somanga na watu wakakaa njiani siku kadhaa. Beba kitambulisho cha NIDA, wataandika namba yako kwenye kitabu, siyo kwamba wanakushuku.

Chumba

Kuingia chumbani kwa kawaida ni saa nane mchana, kutoka ni saa nne asubuhi. Ukifika saa tano, usikae kwenye kochi la mapokezi umekumbatia begi kama unasubiri daktari. Acha begi, wakupe karatasi yake, nenda kajipumzishe bustanini. Na waambie: "Chumba kikiwa tayari mapema niiteni." Mara nyingi chumba kiko tayari saa sita, ila hakuna aliyeuliza.

Usipokee ufunguo kabla hujakiona chumba. Ni haki yako. Nenda na mhudumu, ingia, fungua dirisha, sikiliza. Vyumba vya "upande wa bahari" viko vya aina mbili: unaoiona bahari, na ule ambao ukichungulia kwa shingo ndefu unaona kipande cha maji nyuma ya jenereta. Umeme wa Mtwara ukikatika, na unakatika, jenereta hiyo italala na wewe. Omba ghorofa ya juu, mbali na jiko. Fungua bomba la maji ya moto uhesabu mpaka sitini. Kama bado ni baridi, sema hapohapo, siyo saa mbili usiku fundi akiwa kwake Magomeni ya hapahapa Mtwara.

Siku hizi mlango unafunguliwa kwa kadi, na kadi hiyohiyo unaichomeka ukutani ndipo taa zinawaka. Mama yangu nilimwacha chumbani nikaenda kununua maji, nikaondoka na kadi. Niliporudi nikamkuta amekaa gizani kwenye ukingo wa kitanda, kiyoyozi kimezima, jasho linamtiririka, mikono mapajani. Nikamuuliza kwa nini hukufungua hata mlango. "Nilidhani saa ya umeme imekwisha," akasema. Basi ukiwa na mzee, omba kadi mbili. Zipo. Kwenye droo ya mapokezi zimejaa.

Jambo lingine la mama: usiku wa kwanza alitandika khanga yake juu ya shuka jeupe, akalala juu ya khanga bila kulifunua blanketi, kama mtu aliyelala kwa jirani. Kitanda cha hoteli kinachomekwa pande zote chini ya godoro, shuka limevutwa mpaka sarafu inaruka, kwa hiyo asiyezoea anadhani hakifunguki. Ng'oa. Vuta kwa nguvu upande wa miguu. Sisi tunaokitandika tunajua utaking'oa.

Lakini sasa nikwambie kuhusu madoa, maana hapa ndipo watu wanapolia. Shuka jeupe na taulo jeupe vikiharibika, hoteli inakudai, na bei ni ya shuka jipya. Damu tunaitoa kwa maji baridi, chai inatoka, mafuta ya nywele yanatoka kwa shida. Hina mbichi haitoki. Bibi harusi akija na hina ya juzi, mpeni khanga mbili za kulalia na foronya ya nyumbani. Na bibo, lile tunda la mkorosho! Mtu wa Tandahimba anaingia na mfuko wa mabibo ya kumletea mwenyeji, anakula moja kitandani huku anaangalia runinga, tone moja linaanguka. Ukiliangalia wakati huo ni maji tu. Ukilifua linageuka kahawia, na ukilitia dawa ya kung'arishia linazidi kukukodolea macho. Sijawahi kuona doa la bibo likitoka katika maisha yangu. Mabibo yaliwe nje, umeinama, kama ulivyofundishwa utotoni.

Bahari

Mgeni anamaliza chai saa nne, anavaa kaptula, anashuka pwani kwa furaha, anakuta bahari haipo. Nimewaona wengi wamesimama pale na taulo begani. Kwa Shangani maji yakipwa yanakwenda mbali, unabaki na miamba, majani ya bahari, na kina mama wameinama wanaokota chaza.

Angalia mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu, hayo ni maji ya bamvua: yanajaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na wakati wa kujaa unaangukia asubuhi. Kwa hiyo wa bamvua aogelee jioni, asubuhi avae yeboyebo atembee miambani na kina mama. Ndiyo raha yenyewe. Usitembee pekupeku, kuna wadudu wa miiba myeusi, mwiba wao ukikatikia unyayoni utaimaliza wikiendi umekaa.

Kwenye bwawa la hoteli, oga kwanza kwenye bomba la nje. Na mama mwenye haya zake aingie na nguo yake ya kujisitiri, ilimradi ni ya kuogelea na siyo khanga, maana khanga inatoa rangi na inashika kwenye chujio. Mama yangu hakuingia. Alikaa pembeni, akatumbukiza miguu, akazungumza na mlinzi wa bwawa kwa Kimakonde saa mbili nzima. Kumbe ni wa Kitangari, ukoo wanaujua.

Chakula

Kifungua kinywa umeshakilipia, kwa hiyo nenda mapema. Saa moja vitumbua ni vya moto na supu ina nyama. Saa tatu na nusu supu ina maji. Mayai muombe mpishi akukaangie mbele yako, usile yale yaliyopangwa kwenye sinia.

Chakula cha usiku ndicho kinachouma mfuko. Orodha ina kurasa sita, lakini jikoni, nimepita jikoni miaka tisa, wanavyopika vizuri ni vinne. Usisome. Muulize mhudumu: "Leo samaki gani ameingia?" Akikwambia changu au kolekole wa leo, agiza huyo, wa kupaka kwa nazi. Akitazama juu kwanza kabla ya kujibu, kula kuku. Na agiza saa moja kabla ya njaa: mwambie saa kumi na moja unataka kula saa moja na nusu, halafu nenda zako ukaogelee.

Mchana msile hotelini. Panda bajaji mpaka feri, pale wanaposhushia samaki, ule pweza wa kuchemsha kwa kijiti, na kama ni majira ya kiangazi utafute ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Mama alibeba yake kutoka nyumbani, imefungwa kwenye khanga, akamgawia hadi dada wa mapokezi. Palepale feri kuna pantoni ya kuvukia Msangamkuu, safari fupi ya bei ndogo, na mji unaonekana vizuri ukiwa majini.

Jumamosi asubuhi, kama maji yamekupwa, nendeni Mikindani, kama kilomita kumi tu. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli, na ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mama hakuvutiwa na Livingstone. Alivutiwa na milango ya kuchonga, akaigonga mmoja mmoja kwa vidole kujua ni mti gani.

Kuondoka

Bili iombe Jumamosi usiku, siyo Jumapili asubuhi watu wakiwa foleni. Isome mstari kwa mstari. Yetu ilikuwa na milo miwili ya usiku ambayo hatukula, na sahihi chini yake haikuwa yangu wala ya mama, ambaye anasaini kwa dole gumba. Nikawaonyesha kwa sauti ya kawaida, bila kugomba. Waliifuta, walisema ni chumba cha jirani. Huenda. Dai risiti ya mashine.

Bakshishi kama unayo, usimpe wa mapokezi akufikishie. Iache juu ya mto, na karatasi yenye neno "asante", la sivyo anayetandika ataogopa kuigusa akidhani umeisahau. Mimi nimewahi kukimbiza wageni mpaka getini na elfu tano yao.

Ukiwa na basi la jioni au mtu wa kukupitia mchana, toa mizigo chumbani saa nne, waachie mapokezi, muendelee kukaa bustanini. Hakuna anayefukuza.

Sabuni ndogo, shampuu, kofia ya nailoni ya kuogea na ndala nyeupe za kitambaa ni zako, chukua. Taulo, kikombe na rimoti si zako, na tunahesabu kabla hujafika getini. Mama alichukua jozi mbili za ndala, yake na yangu. Moja anaivaa nyumbani. Nyingine ameifungia kwenye mfuko wake, anasema ni ya kwenda nayo kliniki.