Huna Makaratasi California? Jinsi ya Kuomba Karo ya Mkazi na Msaada wa Masomo

Vijana wengi wa kwetu waliletwa Marekani wadogo kwa viza ya matembezi, viza ikaisha, wakaendelea na shule. Hadi sekondari hakuna wa kuwafukuza shuleni, kwani Mahakama ya Juu ya Marekani ililinda haki hiyo mwaka 1982. Wanapofika mlango wa chuo kikuu ndipo wazazi hukata tamaa, wakidhani njia imefungwa. California haijafungwa.

Sheria ya AB 540 ya mwaka 2001 inamruhusu asiye na makaratasi kulipa karo ya mkazi, yaani karo nafuu wanayolipa wakazi wa jimbo. Katika University of California, asiye mkazi huongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo sheria hii ina uzito. Uwe umesoma California angalau miaka mitatu na kumaliza sekondari huko, au una cheti kinacholingana na cha sekondari. Tangu 2018, miaka ya shule ya watu wazima na ya chuo cha jamii (community college) nayo huhesabiwa. Mwenye viza ya muda ambayo bado ni hai, kama ya mwanafunzi, kwa kawaida hastahili. Aliyepitiliza muda wake anastahili.

Ukishadahiliwa, omba chuoni fomu ya kiapo ya AB 540. Humo unaapa kwamba utaomba hadhi ya kisheria mara tu utakapostahili. Huapi kwamba tayari unayo, wala kusaini hakuanzishi kesi ya uhamiaji. Ambatisha nakala ya matokeo ya sekondari.

Fomu ya pili ni ya pesa: California Dream Act Application, kwenye tovuti ya California Student Aid Commission. Usijaze FAFSA, hiyo ni fomu ya msaada wa masomo wa serikali kuu. Kwa kawaida fomu ya California hufunguliwa Oktoba 1, na siku ya mwisho kwa misaada mingi ni Machi 2. Andaa taarifa za mapato ya wazazi. Kama unawategemea, mzazi naye atasaini. Penye namba ya Social Security, kama huna, acha wazi. Usiazime ya binamu, usibuni. Halafu mwulize kaunsela wa shule kama wastani wa alama zako umeshatumwa, maana Cal Grant, msaada wa jimbo usiorudishwa, haitoki bila huo, na hapa wengi hupoteza pesa bure.

Nasisitiza jambo moja: popote, kwenye fomu ya chuo au ya kazi, usiweke alama kwamba wewe ni raia. Kujidai uraia kunaweza kukufungia njia ya makaratasi maisha yako yote, hata ukija kuoa au kuolewa na raia.

Kuhusu DACA ya 2012, mpango wa serikali kuu unaowakinga kwa muda walioletwa wadogo wasifukuzwe nchini: kutokana na kesi za mahakamani, maombi mapya hupokelewa bila kuamuliwa, wanaohuisha ndio wanaohudumiwa. Anayekuomba pesa akuahidi DACA mpya haraka, mkimbie. Sheria za karo ya mkazi pia hutikisika: Texas iliipoteza yake Juni 2025, kwa hiyo hakikisha na chuo kabla ya kusaini chochote.

University of California na California State University zina huduma ya wanasheria wa uhamiaji bila malipo kwa wanafunzi wao. Weka miadi muhula wa kwanza, uende na pasipoti ya zamani, viza na karatasi yoyote uliyopewa uwanja wa ndege. Waeleze yote, hata yanayokutia aibu, kwa sababu huenda kuna njia ambayo familia yako haijawahi kuisikia.