Kempo nyuma ya magunia ya mchele

Anza na viatu. Jioni ukirudi nyumbani, kabla hujauliza kimepikwa nini, vua viatu na uvipange mlangoni, jozi kwa jozi, ncha zikitazama nje. Hili lilikuwa somo langu la kwanza la kempo, sanaa ya kujilinda ya Kijapani, na kwa miaka minne niliyofanya mazoezi Dar es Salaam nikiwa chuoni, mwalimu hakuliacha. Watawa wa Zen, tawi la Ubudha, wana usemi wake, nao huuweka milangoni mwa mahekalu huko Japani: tazama penye miguu yako. Aliyeacha kiatu kimoja huku na kingine kule, mwili umefika ila mawazo bado yako barabarani. Mwanzoni nilidhani tunafundishwa unadhifu tu. Jaribu wiki mbili mfululizo, utagundua kuwa siku unazovitupa ndizo ulizorudi na ugomvi kichwani.

Mimi nauza mchele Soko la Mwanjelwa, Mbeya, wa Kyela na wa Usangu, na maharage msimu wake ukifika. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mkanda wangu umekunjwa sandukuni, maana sehemu kubwa ya kempo hufanywa wawili wawili na hapa sijapata mwenzangu. Kilichobaki ni nusu ya pili ya mafunzo, ile ya kulea moyo, na hiyo haihitaji ukumbi.

Jina kamili la kempo yangu ni Shorinji Kempo, na Shorinji ni jina la Shaolin likitamkwa Kijapani. Hekalu la Shaolin lilijengwa mwaka 495 kwenye Mlima Song, jimbo la Henan, China, na simulizi za Wabudha zinasema mtawa Bodhidharma alikaa huko miaka tisa akiutazama ukuta. Kempo niliyojifunza mimi ilianzishwa na Doshin So mwaka 1947 katika mji wa Tadotsu, Japani. Alikuwa ametoka China baada ya vita kuu, ambako aliona kwamba sheria ileile inakuwa njema au katili kutegemea mtu aliyeishika. Basi akaamua kulea watu, na mazoezi ya mapigano yakawa njia ya kuwavuta vijana waliokata tamaa.

Wenzangu wa kwaya huniuliza Mmoraviani anatafuta nini kwenye mambo ya Kibudha. Nawajibu kwamba sisujudii sanamu yoyote; nakaa kimya, nahesabu pumzi, najifunza kutomdhuru mtu. Kama dhamiri yako inakataa kitu humu, kiache, chukua kinachobaki.

Kuhesabu pumzi ndiko kwenye kazi, kwa hiyo nitakueleza polepole. Mimi hufanya saa kumi na mbili asubuhi kabla wateja hawajaanza, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mgongo wima, mabega yameshuka, macho yamefumba nusu. Vuta hewa puani hadi tumbo lijae chini ya kitovu, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Unapotoa, hesabu moja. Endelea hadi kumi, rudi moja. Ukipotea, na utapotea, usijigombeze, rudi moja. Mara nyingi mimi sivuki nne kabla bei ya gunia haijaniingia kichwani. Juni na Julai mazoezi haya ni mepesi zaidi huku kwetu, kwa sababu baridi inakuonyesha pumzi yako kwa macho. Dakika kumi zinatosha. Lililo muhimu ni kufanya kila siku, maana pumzi hii unaiwekea akiba. Siku ya shari huna nafasi ya kwenda kuitafuta.

Siku yangu ya shari ilikuwa Jumamosi, soko limejaa. Mzee mmoja aliyenunua kilo ishirini na tano asubuhi alirudi na mfuko begani, akautupa mbele ya wateja na kusema, "Mama, wewe ni mwizi." Uso uliniwaka. Watu wakasimama kutazama.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Takuan, mtawa wa Zen aliyeishi kati ya 1573 na 1645. Alimwandikia bingwa wa upanga, Yagyu Munenori, kwamba moyo ukisimama kwenye upanga wa adui, umekwisha, utakatwa. Moyo usisimame popote. Alitoa mfano wa Kannon, ambaye Wabudha humwona kuwa mwenye huruma, mwenye mikono elfu: moyo wake ukikwama kwenye mkono mmoja, ile mingine mia tisa tisini na tisa haina kazi. Kwangu siku ile upanga ulikuwa neno "mwizi". Ningekwama hapo, nisingeuona mfuko, wala mizani, wala uso wa yule mzee, ambao ukiutazama vizuri ulikuwa wa mtu aliyechoka na aliyepandishwa daladala mara mbili bila sababu.

Ukifika hapo fanya hivi. Kwanza sikia nyayo zako ardhini. Kisha toa pumzi yote nje, moja tu, ndefu. Halafu inua viganja wazi, pale mtu anapoweza kuviona. Kwenye kempo tunasalimiana kwa kukutanisha viganja usawa wa macho huku tukitazamana, mwalimu na mwanafunzi vilevile, hakuna anayeinama zaidi. Sokoni sikutanishi viganja, watu watashangaa, ila nia naibeba ileile. Nikasema, "Shikamoo mzee. Tuupime wote tukiona."

Ulipungua kilo moja na nusu. Kijana wangu alikuwa amepima mchele ndani ya beseni la bati, akasahau kutoa uzito wa beseni. Nilimwongezea mzee mchele wake, nikamrudishia nauli, nikamwomba radhi mbele ya walewale waliosikia tusi. Fikiria ningekuwa nimeanza kwa kufoka! Ningekuwa nimetetea kosa langu kwa sauti kubwa.

Lakini usinielewe vibaya kwamba kempo ni kukubali kila kitu. Doshin So alifundisha kwamba nguvu na upendo ni kitu kimoja: nguvu isiyo na upendo ni ukatili, upendo usio na nguvu haumsaidii yeyote. Mimi nilichelewa kuelewa hilo la pili. Nilikuwa nakopesha ndugu na majirani hadi mtaji ukabaki magunia mawili. Alifundisha pia kuishi nusu kwa furaha yako, nusu kwa furaha ya wengine, nami nikaligeuza hilo kuwa kanuni ya daftari: mtu mmoja kilo kumi za mkopo, na hapati nyingine kabla hajamaliza. Ukikataa, kataa ukiwa umetulia na umemtazama usoni. Usidanganye kwamba mchele umeisha. Shemeji yangu alinuna mwezi mzima, kisha akaja na fedha.

Macho nayo yafundishe. Tunafundishwa kutazama pande nane bila kukodolea kitu kimoja, na pale Kabwe, bodaboda zikikujia kutoka kila upande, utaelewa kwa nini. Legeza macho, pokea mwendo wa kila kitu. Mtu akikushika kwa nguvu, jinasue ukimbie. Akitaka mkoba, mwachie mkoba. Kujilinda kunatangulia kupiga, na mara nyingi kunatosha.

Mwisho wa jambo ndipo wengi wanapoanguka, na mimi nikiwemo. Wajapani wanauita zanshin, moyo unaobaki: umeshapiga, umeshashinda, bado upo macho. Kosa la beseni lilitokea kwenye pumziko hilo, mteja ameshalipa, kijana ameshageukia simu. Siku hizi tunamhudumia mtu hadi mfuko umefungwa, amehesabu chenji yake, na mgongo wake umeondoka mbele yetu. Jioni nairudisha mizani kwenye sifuri, nafunika magunia, nafagia kibanda mwenyewe hata kijana akiwepo, kwa sababu kusafisha ukumbi kulikuwa sehemu ya mazoezi na sikuona sababu ya kuacha.

Kisha nyumbani, viatu. Binti yangu wa darasa la nne sikumwambia lolote, lakini tangu mwaka jana nikivipanga vyangu nakuta vyake viko pale tayari, ncha nje.