Jinsi ya Kupima Faida ya Upasuaji Paja Linapovunjika kwa Saratani Iliyosambaa

Saratani za titi, tezi dume, mapafu, figo na tezi ya shingo huhamia mifupani mara nyingi, na kati ya mifupa mirefu, wa paja ndio unaoathirika zaidi, hasa karibu na nyonga. Mfupa uliokwisha kudhoofika namna hiyo waweza kuvunjika mgonjwa anapogeuka tu kitandani. Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, familia ielewe kwamba kwa kawaida upasuaji huu hauponyi saratani, na mara nyingi mfupa wenyewe hauungi. Kinachotafutwa ni kupunguza maumivu na kumwezesha mgonjwa kukaa, kusimama na kwenda chooni bila kubebwa.

Ikiwezekana, msisubiri mfupa uvunjike. Mtu mwenye saratani anayeumwa paja au kinena kila anapokanyaga anahitaji picha ya eksirei mapema, na picha hiyo ioneshe paja zima kutoka nyonga hadi goti, kwa kuwa doa la pili (sehemu nyingine iliyoliwa na saratani) lililofichika chini laweza kuharibu mpango wote. Tangu mwaka 1989 madaktari wengi hutumia alama za Mirels, zinazoangalia mahali lilipo doa, ukubwa wake, namna lilivyoula mfupa na kiasi cha maumivu. Jumla huanzia 4 hadi 12, na inapofika 9 au zaidi hushauriwa kuuimarisha mfupa kabla haujavunjika. Mgonjwa anayefanyiwa hivyo kwa kawaida hupoteza damu kidogo, hutoka hospitali mapema na hutembea vizuri kuliko aliyepasuliwa baada ya kuvunjika.

Kama doa ni moja tu, au chanzo cha saratani hakijulikani, ulizeni iwapo kipande kimechukuliwa na kupimwa maabara. Hapa haraka haifai hata kidogo, kwani saratani iliyoanzia kwenye mfupa wenyewe hutibiwa kwa njia nyingine, na msumari wa chuma wa kuimarisha mfupa uliopitishwa ndani yake huisambaza paja zima. Saratani za figo na tezi ya shingo hutoa damu nyingi, kwa hiyo mara nyingi mishipa inayolisha uvimbe huzibwa kwanza. Kiwango cha kalisi, madini yanayotoka kwenye mfupa unaoliwa, nacho kipimwe kwenye damu, hasa mgonjwa akiwa na kiu isiyoisha, choo kigumu au kuchanganyikiwa.

Swali ninaloliona kuwa kuu ni hili: "Je, atakanyaga kwa uzito wake wote mara tu baada ya upasuaji, na chuma hiki kitadumu kuliko maisha yaliyobaki?" Doa likiwa kwenye kichwa au shingo ya mfupa, kwa kawaida sehemu hiyo huondolewa na kuwekwa kiungo bandia, mara nyingi kwa saruji ya mifupa; likiwa katikati ya mfupa, hupitishwa msumari mrefu wenye skrubu. Msumari ni upasuaji mdogo zaidi, lakini usiposaidiwa na mfupa unaounga huweza kukatika baada ya muda, ilhali kiungo bandia hustahimili miaka mingi ingawa chaweza kuteguka au kupata maambukizi. Ndiyo maana makadirio ya maisha yana uzito hapa, nayo hutegemea zaidi aina ya saratani na hali ya mwili kuliko ustadi wa mpasuaji. Mgonjwa aliyebakiwa na siku chache anaweza kufaidika zaidi na ganzi ya neva na tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso.

Baada ya upasuaji, mgonjwa asimamishwe mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Mguu ukivimba, au akikosa pumzi ghafla, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa damu huganda kwa urahisi kwa wagonjwa hawa. Mionzi hufuata kidonda kikishapona, mara nyingi baada ya wiki 2 hadi 4. Ikiachwa, uvimbe huendelea kula mfupa na chuma hulegea. Akipewa dawa za kuimarisha mifupa, meno yachunguzwe kwanza, kwa kuwa dawa hizo zaweza kudhuru taya.

Andikeni kwenye daftari, kila wiki, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10 anapolala na anapokanyaga, pamoja na anachoweza kufanya bila msaada. Maumivu ya kukanyaga yakirudi baada ya kipindi cha nafuu, ombeni eksirei mpya bila kungoja siku ya kliniki.