SOMO: Kujiunga na watazamaji wa nyota badilifu ukiwa Tanga (hatua ya 5 isome mara mbili)

Habari za jioni wanajamvi. Swali la "najiungaje" nimelijibu inbox hadi nimechoka, na kila nikijibu huwa nasahau kitu. Naliweka hapa lote. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Chama chenyewe ni AAVSO, cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911. Kinakusanya makadirio ya mwangaza wa nyota zinazobadilika, kutoka kwa watu wa kawaida dunia nzima, na wanasayansi wanayatumia kweli. Watazamaji wa pwani yetu ni wachache mno, na nyota za kusini tunaziona vizuri kuliko mtu aliyeko Ulaya. Ndiyo maana nalisumbukia jambo hili.

1. Fungua akaunti kwenye tovuti yao. Bure.

2. Ukiwa ndani ya akaunti, omba utambulisho wa mtazamaji. Utapewa herufi chache, ziandike kwenye daftari. Uanachama wa kulipia ni jambo la hiari. Kutuma makadirio hakuhitaji kulipa.

3. Chagua nyota moja tu. Ushauri wangu ni Eta Aquilae, katika kundinyota la Ukabu, si mbali na nyota angavu iitwayo Altair. Hapa kwetu, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, inapita karibu na utosi. Inaonekana kwa macho matupu, kati ya mag (kipimo cha mwangaza) 3.5 na 4.3 hivi, na mzunguko wake ni siku 7 na ushei, kwa hiyo ndani ya wiki moja utaona mwangaza wake ukipanda na kushuka. Kuanzia Julai hadi Novemba ipo juu mapema usiku. Tengeneza chati yake, yaani ramani ya nyota za jirani zenye namba za mag, hapo hapo kwenye tovuti, uchapishe stationery. Kumbuka mag ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Namba 37 kwenye chati maana yake 3.7, nukta wameiacha makusudi isije ikadhaniwa ni nyota. Chati ina namba yake, usiikate, utaulizwa.

4. Toka nje, zima taa, subiri dakika 20 macho yazoee giza. Tochi ifunge plastiki nyekundu. Tafuta nyota mbili za kulinganisha, moja inayong'aa kuliko yako na nyingine hafifu kuliko yako. Mfano una ya 37 na ya 44, na yako ipo katikati lakini inaelemea ya 37: andika 3.9. Andika ulichoona. Usichungulie makadirio ya wenzako kwanza, wala usiandike unachodhani "inapaswa" kuwa.

5. SAA. Hapa ndipo nilipoharibu makadirio ya miezi miwili, kwa hiyo nitakaa hapa.

AAVSO wanataka saa ya dunia, UT. Kila mtu atakwambia "Tanzania toa 3." Ni kweli, lakini unatoa 3 kwenye saa ipi? Mimi daftarini niliandika kama ninavyosema: saa 3 usiku. Nikatoa 3, nikapata 00:00, nikatuma. Saa 3 usiku yetu ni 21:00, na ukitoa 3 ni 18:00. Nilikosea kwa saa 18. Kwa nyota ya siku 7 hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mzunguko mzima. Kwenye grafu nukta zangu zilikaa pembeni ya za wenzangu kama watu waliokosa safu ya swala, na nikadhani macho yangu ndiyo mabovu. Nilikaribia kuacha kabisa.

Kosa la pili ni la tarehe. Sisi usiku wa Ijumaa tunaanza kuuhesabu Alhamisi magharibi. Niliandika "usiku wa Ijumaa", nikajaza tarehe ya Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi.

Kanuni ninayotumia sasa ni hii: chukua saa ya usiku kama unavyoisema kwa Kiswahili, ongeza 15. Saa 3 usiku inakuwa 18:00. Saa 5 na nusu inakuwa 20:30. Saa 8 usiku inakuwa 23:00. Tarehe ni ile ya jioni ulipoanza, hata kama saa sita imeshapita. Ikifika saa 9 usiku jumla ni 24: hapo toa 24 na usogeze tarehe mbele siku moja. Saa 10 alfajiri ni 01:00 ya tarehe mpya.

ONYO: simu ikishakuonyesha 21:00 usiongeze 15 tena. Hiyo unatoa 3 tu. Kanuni ya 15 ni ya saa ya Kiswahili. Na andika saa palepale nje, si asubuhi kwa kukumbuka.

Kama umeshatuma vibaya, makadirio yako unaweza kuyatafuta na kuyarekebisha mwenyewe. Yangu niliyapitia moja moja.

6. Jaza fomu: jina la nyota, saa, mag, nyota mbili za kulinganisha, namba ya chati. Kulikuwa na mbalamwezi weka herufi B, mawingu weka U. Tuma.

---

Kijana wa Ngamiani: Ada shilingi ngapi? Na ninunue darubini gani?

Jibu: Hatua ya 2. Hatua ya 3. Macho matupu.

Kijana wa Ngamiani: Bro si ungejibu tu.

Jibu: Nimejibu kabla hujauliza, ndugu yangu. Soma kisha urudi, nitakusaidia.

Binti Pongwe: Shikamoo kaka. Nimeelewa kanuni ya 15, ila kwa nini nyota yenyewe inapanda na kushuka? Kuna kitu kinaiziba?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Zipo zinazozibwa, kama Algol: nyota mbili zinapishana kila baada ya siku 2.87, na jina lake ni la Kiarabu, kichwa cha ghuli. Eta Aquilae haizibwi, inavimba na kusinyaa yenyewe. Ndani kuna tabaka la gesi ya heli ambalo likibanwa linazuia joto kutoka. Joto linajikusanya, linaisukuma nyota itanuke. Ikitanuka inapoa, tabaka linaachia joto, nyota inarudi ndani, na mambo yanaanza upya, kama kifuniko cha sufuria ya maji yanayochemka. Edward Pigott aligundua kwamba inabadilika mwaka 1784. Baadaye Henrietta Leavitt alichunguza nyota za aina hii katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, na mwaka 1912 akaonyesha kwamba yenye mzunguko mrefu ndiyo yenye nuru nyingi. Kwa hilo watu wakaweza kupima umbali wa galaksi. Na wingu hilo unaliona hapo Pongwe, chini upande wa kusini, usiku usio na mwezi.

Mzee wa Sahare: Betelgeuse je? Mwanzoni mwa 2020 niliona imefifia sana, nikadhani ni uzee wa macho.

Jibu: Macho yako mazima, mzee wangu. Ilishuka hadi karibu 1.6, wakati kawaida huwa kama 0.5. Ungekuwa umeandika, ingekuwa kumbukumbu ya thamani. Ila ni nyekundu: ukiikodolea, inazidi kung'aa machoni. Itupie jicho haraka, hamia ya kulinganisha, rudi. Na nyota za kulinganisha ziko mbali mbali, kwa hiyo anza na Eta.

Mama Mwambani: Nje usiku mtaani kwetu watauliza unafanya nini.

Jibu: Kweli dada. Mimi nilimweleza mjumbe na mlinzi wa jirani mapema, nikawaonyesha chati. Sasa mlinzi ndiye ananigongea mawingu yakifunguka.

Mzee wa Sahare: Mwenye darubini asiiache kabatini. Chumvi na unyevu wa hapa huotesha ukungu kwenye vioo. Tia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kwenye boksi za viatu.

Binti Pongwe: Kaka, jana saa 2 na nusu usiku nimepata 4.1, kwa 37 na 44. Nimeandika 17:30, tarehe ya jana. Ni sawa?

Jibu: Saa na tarehe ni sahihi. Yangu ya jana sikutajii mpaka utume yako.