Fungu la kumi kwa mtu wa kipato cha siku: hatua kwa hatua, na maswali ya washirika

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo hili nimelifundisha mara tatu katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Mikindani, na kila mara maswali yalizidi somo lenyewe. Nimeona niliandike lote, na maswali yafuate. Mimi ni mtunza hazina, si mchungaji. Ninachokijua vizuri ni daftari.

Kwanza jina. Hapa Mombasa ukitaja zaka, jirani yako Mwislamu anaelewa jambo jingine: kwao ni sehemu moja ya arubaini ya mali iliyofika kiwango na kutimiza mwaka. Sisi twazungumzia sehemu moja ya kumi ya mapato, kwa hiyo nitasema fungu la kumi. Abramu alimpa kuhani Melkizedeki kabla Torati haijakuja (Mwanzo 14:20). Torati ikawapa Walawi, kabila la wahudumu wa hema la Mungu, fungu hilo kwa kuwa hawakugawiwa ardhi (Hesabu 18), nao Walawi wakatakiwa kutoa la kumi la hilo walilopokea. Hakuna aliyeachwa nje, hata mpokeaji.

Hatua ya kwanza: andika kilichoingia. Wengi wetu hatuna mshahara. Kuna anayebeba mizigo Kongowea, kuna wa bodaboda, kuna anayefua nguo Nyali siku akiitwa. Andika kila jioni, na pesa za M-Pesa uziandike pia, hata zile mia mbili za mteja aliyelipa deni la zamani. Ukingoja Jumamosi usiku ukumbuke ya wiki nzima, utaandika unachotamani.

Hatua ya pili: tenga mtaji na faida. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wanyonge wengi wanapoumia.

Kuna mama mshirika wetu anayepika mahamri. Saa kumi alfajiri karai liko jikoni. Siku njema anauza 180 kwa shilingi kumi kumi, anapata 1,800. Kwa miezi alikuwa akitenga 180 kila siku kama fungu la kumi, na ikifika Alhamisi hana pesa ya unga, anakopa dukani. Tukakaa naye mkekani na kalamu: unga pakiti tatu 540, mafuta 300, nazi 150, makaa 100, sukari 80, iliki na hamira 30. Jumla 1,200. Kilichozidi ni 600, basi fungu lake ni 60.

Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Mungu hanidai unga wangu?"

La, mama, hakudai. Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema zaka itolewe katika "maongeo yote ya mbegu zako". Ni maongeo, yaani kile kilichoongezeka. Mkulima hakuambiwa atoe mbegu ya kupanda msimu ujao. Mahubiri yanayomchanganya mfanyabiashara mdogo hapa yananihuzunisha, kwa sababu anayefilisika kwa kutoa vibaya humlaumu Mungu kwa kosa la hesabu.

Hatua ya tatu: litenge siku hiyo hiyo, kabla ya lolote. Mimi natumia kopo la majani ya chai lenye kifuniko kigumu. Zamani nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi nione kitakachobaki, na hakikuwahi kubaki kitu. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Ule ulikuwa mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, si fungu la kumi, lakini mpango wake unatufaa: kidogo kidogo, nyumbani, bila presha ya kapu kupita.

Hatua ya nne: yaliyobaki yapangie. Kodi, chakula, karo, maji ya mitungi, chama, akiba. Sitakawia hapa, kila nyumba inajua mashimo yake. Ila akiba isikose, hata ya shilingi ishirini.

Hatua ya tano: omba ukiwa na daftari mkononi. Taja pengo kwa tarakimu: "Baba, kodi ni 4,500, ninayo 3,100." Nimegundua kwamba nikiomba hivi hofu hupungua, maana najua ninachohofia. Yesu alipotuambia tusisumbukie chakula na mavazi alisema pia kwamba Baba yetu anajua tunavihitaji (Mathayo 6:32). Yeye akijua, nasi tujue.

Maswali ya washirika

*Mwalimu, nimeajiriwa bandarini. Nihesabu mshahara kabla ya makato au baada?*

Ndugu, Biblia haikuandikiwa hati ya mshahara, kwa hiyo nakupa maoni yangu. Mimi nahesabu kabla ya makato. Anayehesabu baada ya kodi ya serikali, bima ya afya ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, simwiti mwizi. Pesa hizo hazikupita mkononi mwake. Lakini makato ya mkopo uliojichukulia mwenyewe usiyafiche humo. Hiyo pesa uliipata na ukaitumia.

*Nina mikopo ya simu mitatu. Nisimamishe fungu la kumi mpaka nimalize?*

Dada yangu, nitakuambia yaliyonipata. Nilikuwa na deni, na Jumapili ya shukrani nikaona haya kwenda mikono mitupu. Nikakopa 2,000 kwa simu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, nikatoa madhabahuni, nikapigiwa makofi. Mwezi mzima nikalipa riba ya sadaka. Mungu hakuniambia nikope. Niliogopa macho ya watu. Basi usikope ili utoe. Kwenye kile kinachoingia toa la kumi, hata kama ni shilingi 15, kisha kata matumizi mengine, lipa deni dogo kwanza, na ufute hizo programu kwenye simu.

*Mume wangu hataki nitoe. Nichukue kwenye pesa ya matumizi?*

Usichukue, mama. Pesa aliyokupa ya unga ni ya unga. Toa katika jasho lako mwenyewe, na umweleze waziwazi. Kama huna kipato chako, hudaiwi.

*Mama yangu alilazwa, nikampelekea fungu langu hospitalini. Nimemwibia Mungu?*

Soma Marko 7:9-13. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Sisemi ligeuzwe mazoea, kwani mgonjwa hakosi katika ukoo. Ila usilale na hatia kwa ajili ya dawa ya mama yako.

*Tutajuaje pesa zinakwenda wapi?*

Uliza. Nehemia alipokuta Walawi wamekimbilia mashambani kwa kukosa posho, aliwaweka watunza hazina walioaminika (Nehemia 13). Na Malaki, kabla ya kuwaambia watu walete zaka ghalani, alikuwa amewakemea makuhani sura nzima. Hesabu zetu zimebandikwa mlangoni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi; pasipobandikwa, nishikeni mkono mniulize mbele ya watu.

*Nimetoa kwa uaminifu miaka mitatu tangu mume wangu afariki. Hali ni ile ile. Nakosea wapi?*

Hukosei, dada. Sitakuambia uongeze imani, wala upande mbegu ya 10,000, yaani utoe sadaka ukitarajia kurudishiwa zaidi. Habakuki aliona mtini hauchanui na zizi halina ng'ombe, na bado akamfurahia Bwana. Naye hakuambiwa alikosa kutoa. Ila kuna jambo hatukukufundisha, na kosa ni letu. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema fungu la mwaka wa tatu liwekwe malangoni, ili mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Wewe umetoa miaka mitatu ukidhani ghala lina mlango wa kuingizia tu. Niandikie kodi ni kiasi gani na karo imebaki ngapi, uje Jumatano na daftari. Jina lako tayari nimeliandika kwenye orodha ya mwezi huu.